Imerudiwa, Iko Sawa

Sukari ya nyumba ya Job ilifungiwa kwenye sanduku la kutengenezea simu, pamoja na bisibisi, betri zilizovimba na nyaya za solda, na ufunguo wake Job aliuvaa shingoni. Hakupenda kuuvaa. Lakini mama yake, Bochaberi, alikuwa na miaka sitini na minane, pua kali na muda wa kutosha. Katika wiki mbili za kwanza za kukatazwa sukari aliigundua ile kilo ndani ya debe la unga wa wimbi, kisha nyuma ya picha ya harusi, na mwisho ndani ya buti la mvua la Job mwenyewe.

"Nyumba gani hii sukari inaishi na viatu?" aliuliza siku hiyo, punje zikimeremeta bado kwenye vidole vyake.

Bochaberi si mtu wa Mosocho, anakoishi Job. Kwake ni Kebirigo, upande wa Nyamira, ambako ana ekari moja ya majani chai, migomba na ng'ombe wawili wasiomtii mtu mwingine. Mwezi wa tatu alikuja kumsalimu mwanawe, na mkamwana wake, Persis, akamchukua kwa mapenzi hadi maabara anakofanya kazi, akampima bure. Sukari ikatoka nane nukta tatu, wakati ya mtu asiye mgonjwa haifiki saba, na bibi mwenyewe hakuwa ameonja kitu tangu jana yake. Daktari wa kliniki ya jirani akamwandikia vidonge. Job akatangaza kwamba mama haendi popote mpaka sukari ishuke, na hivyo mama mtu mzima akawa mfungwa wa vyumba viwili vya kupanga, na chai yake haina sukari.

Hata chai yenyewe alikuwa akiinywa kwa kuibia. Bochaberi ni Msabato, na mchungaji wake hataki kusikia habari za majani ya chai, ingawa sadaka za nusu ya kanisa zinatoka kwenye majani hayo hayo. Miaka arobaini Bochaberi alimficha mchungaji kikombe. Sasa ikabidi amfiche mkamwana kijiko.

"Mokamwana," alisema asubuhi moja, akikitazama kikombe kama mtu aliyeletewa maji ya kuoshea sufuria, "hii ndiyo chai ya kumpa mama wa mume wako?"

"Si mimi, mama. Ni namba. Mimi sikuitunga hiyo namba," Persis alimjibu kwa upole, akavaa koti lake na kuondoka kwenda kazini.

Aliyasema hayo bila kupepesa jicho, na wakati huo aliamini ni kweli.

*

Maabara hiyo ilikuwa chumba kimoja na nusu nyuma ya duka la mbegu. Mwenyewe alikuwa Bwana Machogu, ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa sababu alivaa koti jeupe na ndiye aliyelipa mishahara. Masomo ya damu hakuwa nayo. Wenye masomo walikuwa Persis, msimamizi, na Walter, msaidizi wake, kijana wa Marani anayependa mpira kuliko darubini.

Tangu mwezi wa pili walikuwa na mfumo mpya kwenye kompyuta, nao ulikuwa mkali kama karani wa mahakama. Kila asubuhi, kabla ya damu ya mtu yeyote, sharti mashine yenyewe ijaribiwe. Kuna chupa mbili. Ya kwanza inaitwa standadi: hiyo ndiyo inayoifunza mashine kwamba sukari kiasi hiki inaitwa hivi. Ya pili ni kontroli, nayo ni mtihani. Unajua tangu mwanzo kwamba ina sukari sita, unaiingiza mashinani uone kama mashine itasema sita. Ikisema sita au karibu na hapo, mfumo unaonyesha kijani na majibu ya wagonjwa yanatoka. Ikisema vingine, unaonyesha nyekundu, unayafunga majibu yote, halafu unauliza: Sababu ni nini? Umefanya nini?

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu kontroli ilisema tisa nukta sita. Nje kulikuwa na benchi mbili za watu walioacha kunywa chai ili wapimwe, wengine wakianza kupiga miayo ya njaa kwa makusudi, na Daktari Machogu alikuwa mlangoni akiitazama saa yake.

"Persis, hawa watu utawaweka mpaka wazeeke?"

Kazi inasema usimame, urudie, ufungue chupa mpya, utafute kosa. Persis aliijua kazi hiyo vizuri; alikuwa ameifanyia mtihani akapita. Lakini aliandika, *Imerudiwa, iko sawa*, akabonyeza, na nyekundu ikaondoka. Alikuwa amekusudia kweli kurudia saa ya chakula. Saa ya chakula ikafika, akala githeri.

Kesho yake nyekundu ilirudi. Safari hii hakuhitaji hata kuandika. Alipogusa herufi ya kwanza tu, mfumo, kwa hisani yake, ukamletea ile sentensi ya jana nzima nzima. Alichobakiwa nacho ni kubonyeza.

"Dada Persis, ni red tena," Walter alimwambia baada ya wiki.

"Hiyo kontroli imeharibiwa na stima kupotea potea. Wewe bonyeza tu."

Na Walter alibonyeza, kwa jina la Persis, maana msimamizi peke yake ndiye aliyeruhusiwa, na neno lake la siri lilikuwa limeandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini ya kibodi ili lisisahaulike. Siku aliyopimwa Bochaberi nayo ilikuwa nyekundu. Persis mwenyewe alibonyeza, mkono mmoja ukiwa umemshikia mama mkwe wake pamba.

*

Sabato moja ya mwezi wa tano, Bochaberi alimeza kidonge chake, akaisusia ile chai chungu pamoja na uji, akaenda kanisani na hasira tupu tumboni. Katikati ya lesoni ya Biblia alianguka.

Kanisa lao si la kuanguka anguka. Kuna makanisa ambayo mtu akilala sakafuni watu husema haleluya, lakini Wasabato hukaa wima na kufungua mafungu, kwa hiyo wote walijua mara moja kwamba huu ni ugonjwa. Sharon, muuguzi anayekaa benchi la nyuma, alitoa kimashine chake kwenye mkoba, akamtoboa kidole.

"Mbili nukta tatu!" alisema. "Persis, huyu mama mlimpa vidonge vya nini? Hana hata sukari ya kuinulia kope!"

Mtu alikimbia kwenda kioskini. Maji ya sukari yakakorogwa kwenye kikombe cha meza ya Bwana, maana hakukuwa na kingine karibu, akanyweshwa kidogo kidogo huku Persis amempakata kichwa na machozi yanamdondokea bibi kwenye kitambaa. Nusu ya kikombe ilipokwisha, midomo ya Bochaberi ilicheza. Wote wakainama wasikie kama anaaga.

"Ongeza," alisema, macho yakiwa bado yamefungwa.

Sharon aliamuru vidonge visimame, akawa anapita kila asubuhi kumpima kabla hajala. Tano. Tano nukta tatu. Tano nukta moja. Wiki nzima hivyo hivyo, bila kidonge. Wiki hiyo Persis aliendelea kwenda kazini na nyekundu iliendelea kumpokea, na ni aibu kusema, lakini aliendelea kubonyeza.

*

Jumapili jioni walikuwa jikoni, Persis akichambua mboga ya chinsaga na Bochaberi amekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Job alikuwa bado dukani kwake na ufunguo wake shingoni.

"Huyo bosi wako Machogu," Bochaberi alianza, "ni Machogu wa wapi?"

"Si wa huko kwenu, mama? Kebirigo."

"Anatembea mguu mmoja unatazama nje hivi?"

"Huyo huyo."

"Nyasae wane!" Bochaberi aliweka kikombe chini ili apate mikono ya kuongelea. "Machogu wa maziwa! Huyo alikuwa na baiskeli, anakusanya maziwa yetu asubuhi anapeleka Nyamira. Ukimpa lita kumi hapa Kebirigo, zikifika sokoni ni kumi na sita. Zinazaana njiani! Mpaka siku moja mwanamke mmoja alikuta kiluwiluwi kwenye maziwa. Mimi mwenyewe nilimmwagia ndoo kichwani, uliza mtu yeyote. Ndio akahama. Sasa ni daktari?"

"Wanamwita tu."

"Na hapo kwenu anashika chupa gani?"

Persis aliacha kuchambua mboga. Machogu hakushika chupa yoyote, isipokuwa moja. Standadi ya sukari ilikuja ikiwa unga mkavu, na chupa moja ilikuwa shilingi elfu tisa. Tangu bei ilipopanda, ufunguo wa friji alikuwa nao yeye, na kila Jumatatu alijifungia akaikoroga mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu na kitu ghali namna hiyo. Kuikoroga kwenyewe ni kutia maji safi, mililita tano.

"Mama," Persis alisema polepole, "ukimfundisha mtoto kwamba nusu debe linaitwa debe..."

"Ukimpa debe zima atasema ni mawili."

"Ndivyo mashine yetu ilivyofundishwa."

Bochaberi alilifikiria jambo hilo. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo mimi ni debe moja! Sina sukari! Ni maji ya Machogu!" Alicheka tena, akapangusa macho, halafu swali likamjia, na lilimjia bila ubaya wowote. "Na hiyo kompyuta yenu ya pesa nyingi, haikuona?"

"Iliona."

"Ikamwambia nani?"

Hapo Persis angeweza kusema mambo mengi. Angesema Walter, angesema stima. Alikitazama kisu mkononi mwake. "Mimi, mama. Kila asubuhi. Nikawa naiandikia kwamba imerudiwa, iko sawa. Hata siku yako."

"Mara ngapi?"

"Arobaini na saba."

Bibi aliinuka, akaimwaga ile chai kwenye sinki, akakiosha kikombe chake mwenyewe kama mgeni, akaenda chumbani. Ilikuwa saa moja ya jioni, ugali haujasongwa.

*

Jumatatu Persis hakubisha hodi. Alifungua mlango wa chumba kidogo akamkuta Daktari Machogu na sindano kubwa mkononi, anaimba pambio kwa mvumo, maji yanaingia kwenye kichupa. Mililita tano. Kisha tatu nyingine.

"Hiyo ni nane, Daktari."

Machogu hakushtuka. "Tano ni za watu wa Ulaya. Hii lazima inifikishe mwisho wa mwezi."

"Imeandikwa tano."

"Ni maji, Persis, si sumu. Maji yamemdhuru nani?"

"Maziwa ukiyatia maji yanakuwa mepesi," Persis alisema, "lakini hii ukiitia maji, watu ndio wanakuwa watamu. Umewapa watu hamsini na wanne ugonjwa wa sukari. Mama mkwe wangu ameanguka kanisani."

Machogu aliweka sindano chini. Mtu aliyewahi kumwagiwa ndoo hujifunza kutafuta mwavuli mapema. "Mimi?" alisema. "Mimi najua nini kuhusu mashine? Tufungue kompyuta tuone ni nani alisema iko sawa. Jina la nani liko hapo? La Machogu? Mara ngapi, Walter?"

Walter, aliyekuwa mlangoni, aliyatazama viatu vyake. "Arobaini na saba, Daktari. Ni la Dada Persis."

"Persis, wewe ndiye mwenye vyeti. Nikikufukuza leo, utapata kazi wapi na jina kama hilo?"

Hakuwa ametia chumvi, na Persis alilijua hilo. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto, duka la Job lisilo na wateja nusu ya mwezi, vyote vilipita mbele ya macho yake. Akatoa karatasi mfukoni.

"Haya ndiyo majina ya watu wenyewe. Nitawapigia wote, unifukuze usinifukuze. Lakini kwanza soma namba kumi na saba."

Machogu alivaa miwani. Alisoma. Alivua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Namba kumi na saba ilikuwa Machogu, mwanamume, miaka hamsini na tisa, nane nukta tisa.

Alikuwa amejipima mwezi wa nne, kwa kuwa ni bure. Tangu siku hiyo mkewe, Orpah, hakumruhusu ndizi mbivu, wala chapati, wala kijiko kimoja cha sukari. Usiku aliota mandazi. Suruali zake alizifunga kwa kamba ya katani, na watu wa soko walikuwa wameanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama ameandika wosia.

"Gawanya kwa nane, zidisha kwa tano," Persis alimwambia.

Midomo ya Machogu ilihesabu. Mfanyabiashara wa maziwa hesabu hiyo aliijua kwa moyo. "Tano... tano na nusu?"

"Wewe ni mzima, Daktari."

Machogu alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Wiki saba," alisema, "nimekula chinsaga bila nyama."

Chupa mpya ilifunguliwa, ikatiwa mililita tano, Persis akipima na watu wawili wakishuhudia. Kontroli ikasema sita nukta moja. Kijani kilipowaka Walter alipiga makofi kama mtu aliyeona bao. Machogu alikuwa tayari amekunja mkono wa shati.

"Anza na mimi."

"Foleni, Machogu wa maziwa!" sauti ilisema kutoka nje. "Mimi nimefika wa kwanza."

Bochaberi alikuwa amekaa mwanzo wa benchi, kitambaa cha Sabato kichwani ingawa ilikuwa Jumatatu, mkoba magotini. Hakuna aliyejua amekuja saa ngapi. Machogu alimtazama, akamtambua, na mkono wake ukaenda wenyewe kushika kichwa, mahali ile ndoo ilipotua. Kisha akasogea, akakaa wa pili.

Persis alimtoa mama mkwe wake damu bila wao kutazamana. Tano nukta mbili. Bochaberi aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

"Wewe ndiye ulibonyeza kijani?" aliuliza.

"Imewaka yenyewe, mama."

"Mhm," alisema Bochaberi, akaondoka.

*

Persis aliwapigia simu wote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alianza na maneno yale yale: mimi ndiye niliyekosea. Wengine walimtukana kwa Ekegusii safi, akatukanika. Wengine walilia kwa furaha, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Wawili walirudi wakapimwa na kukutwa na sukari ya kweli, akawashika mkono. Mzee Bosire wa Marani alikataa kabisa kurudi. Tangu awe mgonjwa, binti zake wa Nairobi walimpigia kila Jumapili na kumtumia nyama, naye hakuona sababu ya kupona haraka hivyo.

Machogu hakumfukuza Persis, maana nani mwingine angezipokea simu hizo? Aliwalipia wote warudie bure, akihema kwa kila mmoja, na ufunguo wa friji akamkabidhi yeye. Plasta ilibanduliwa chini ya kibodi. Na mfumo, kwa majibu yote hamsini na manne yaliyofutwa, uliuliza sababu ni nini. Persis alipogusa herufi ya kwanza, ukamletea haraka ile sentensi yake ya zamani. Safari hii ilikuwa kweli. Ilikuwa imerudiwa na iko sawa. Hata hivyo aliifuta, akaandika: *Standadi ilitiwa maji. Mfumo ulinionya tangu siku ya kwanza, nikaupuuza. Persis.* Ilimchukua siku mbili kumaliza, kwa kuwa kila mara aliiandika upya kwa mkono wake.

Bochaberi alirudi Kebirigo Jumatano. Alibeba nguo zake, karatasi yake, na ile kilo ya sukari kutoka kwenye sanduku la simu, ambayo Job alimpa pamoja na ufunguo. Persis alimsindikiza hadi barabarani. Neno la kusamehe halikusemwa, na Persis hakuthubutu kuliomba.

Kesho yake, saa moja na dakika ishirini asubuhi, simu yake iliita akiwa maabara.

"Mokamwana," Bochaberi alisema, bila salamu, "leo ni rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Haya." Akakata.

Akapiga Ijumaa. Akapiga Jumapili. Alipiga kila siku ya kazi, dakika ile ile, nyuma yake ukisikika mlio wa ng'ombe na mvua ya Kebirigo, hakuuliza kingine chochote, na Persis akaanza kuifikia mashine mapema ili jibu liwe tayari.

Siku ya thelathini na moja, benchi zilikuwa zimejaa hadi nje ya duka la mbegu. Kontroli ilisema saba nukta nne. Walter alimtazama Persis. Machogu alikohoa mlangoni, akaitazama saa yake, kisha, kwa kuona ni bora, akatazama dari. Simu ikaita.

"Leo ni rangi gani?"

"Nyekundu, mama."

"Na watu?"

"Ni wengi. Wananitazama."

"Wacha wakutazame. Tafuta kosa." Persis alikwisha kuchukua chupa mpya mkononi, simu ikiwa begani, aliposikia mama mkwe wake hajakata. "Persis."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu ile Jumapili.

"Naam, mama."

"Watakaopimwa vitu vingine, wasiohitaji kufunga kula, Machogu awapikie chai. Iwe ya maziwa. Na wewe usimame hapo uangalie anavyoipika."